Mwaka Tuliousikia kwa Sauti Yako

Tanurini, 14 Januari

Wifi yangu wa redioni,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga, maana viti vyote vimekaliwa na walimu. Usishtuke. Mdogo wako na wenzake wamegoma tangu Jumatatu. Wanasema wamechoka kufundisha watoto waliokaa sakafuni, na mwalimu mkuu aliyethubutu kulalamika wizarani amefukuzwa kazi. Ofisi ya chama chao imetiwa kufuli na polisi, kwa hiyo wamehamia hapa kwenye kiwanda changu cha mikate. Kiwanda ni jina la heshima tu, wewe unakijua: chumba kimoja, tanuri moja, na mimi. Wanajadiliana, wanakula mkate wa jana, wanapiga kura kwa kunyoosha mikono yenye unga. Mume wangu wamemchagua kuwa katibu. Nikamwambia, katibu wa nini, wewe ukitumwa sukari unarudi na chumvi? Wenzake wakacheka, na yeye akacheka, ila chakula hakugusa.

Mama hajambo. Miguu inamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Ukisema, "Hapa ni Redio ya Taifa, hamjambo wasikilizaji," yeye huitikia, "Hatujambo, mwanangu," kisha anatutazama sisi wengine kama watu tusiofunzwa adabu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Jana mchana ulisoma kwamba "walimu wachache wasiofuata taratibu" wamegoma, na kwamba masomo yanaendelea kama kawaida. Kama kawaida wapi, wifi? Huku kwetu watoto wamejaa barabarani wanacheza mpira tangu asubuhi. Mteja mmoja akaniuliza mbele ya mume wangu, "Mbona dada yake amesema mmesharudi kazini?" Mume wangu aliinuka. Alitoka nje kupasua kuni, na kuni tulikuwa nazo za kutosha.

Jana jioni Mama hakuitikia salamu yako. Nimeona nikuambie mimi kabla hujaambiwa na wengine.

Wifi yako mwenye unga kichwani


Kituoni, 29 Januari

Wifi mpenzi,

Barua yako imefika ikinukia hamira, nikaisoma nikiwa na njaa na hasira kwa pamoja.

Unadhani habari naziandika mimi? Karatasi zinakuja kutoka wizarani zikiwa na mhuri. Mhariri wetu anazipokea kwa mikono miwili kama anayepokea sahani ya moto. Hafanyi lolote bila kujifuta jasho, hata siku ya mvua, ndiyo maana tunamwita Leso. Anazipitia, ananipa, naingia studio, taa nyekundu inawaka, nasoma. Sibadilishi hata mkato. Mwenzangu tunayepokezana zamu, yule mwenye sauti nene ambaye wasikilizaji wanamwita Radi, aliwahi kuongeza neno moja tu, "inadaiwa." Wakamsomesha hali ya hewa mpaka akaichukia mvua.

Wewe mkate ukiungua unawatupia kuku. Mimi habari ikiwa mbichi natakiwa niisome kama iliyoiva.

Usifikiri haikuniuma. Nilipofika kwenye "wachache" nilimwona mdogo wangu kama alivyokuwa nikimpeleka darasa la kwanza, ameng'ang'ania sketi yangu mpaka kifungo kikatoka. Lakini sauti haikutetereka. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea, kutotetereka. Zamani niliona ni sifa.

Mwambie Mama nangoja aitikie.

Dada yenu


Tanurini, 16 Machi

Wifi,

Tuko hai, hilo kwanza.

Mto ulipanda kwa siku mbili na ya tatu ukaondoka na daraja. Si kwamba ulilivunja, uliondoka nalo, tukalitazama likienda. Mitaa yote ya bondeni imekwenda na maji. Unga haufiki tena kutoka ng'ambo, kwa hiyo nachanganya ngano iliyobaki na mahindi, na mkate unaotoka unaweza kujengea nyumba. Watu wanaununua hivyo hivyo na kunishukuru, mpaka naona haya.

Nikueleze alichofanya mdogo wako. Watu walipokuwa wanapanda kutoka bondeni na watoto mabegani, alikwenda shuleni na wenzake, wakavunja kufuli, wakafungua madarasa yote. Walimu waliogoma, wifi! Wamegawa familia kwa darasa. Ukimtafuta mtu unaambiwa, "Yuko la nne B." Mwalimu wa hesabu anapika uji kwenye pipa, na mimi ndiye mwenye mkate. Afisa mmoja alikuja kuuliza nani ametoa ruhusa ya kuvunja kufuli la serikali. Mume wangu akamwambia, "Ingia ndani, uwaulize hawa watoto warudi wapi." Yule afisa akachungulia, akavua kofia, akaondoka.

Halafu Jumamosi tukakusikia. Wote tulijua utasema serikali imefungua shule, maana ndivyo Radi alivyosema asubuhi. Wewe ukasema, "Walimu wa shule hiyo wamewapokea waathirika." Walimu! Mume wangu aliacha kijiko hewani. Mwalimu wa hesabu akasema labda umekosea kusoma.

Mama akasema, "Huyu hakosei kusoma." Kisha akaitikia salamu zako zote alizokuwa ameziacha, moja baada ya nyingine, kama anayelipa deni.

Wifi yako


Kituoni, 2 Aprili

Wifi,

Sikukosea. Niliona neno lile kwenye karatasi, nikaona mdomo wangu unasema jingine. 

Nilipotoka, Leso alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Alijifuta paji la uso, akajifuta shingo, akaniambia, "Leo kuna joto." Akaenda zake. Mpaka leo sijui kama lilikuwa onyo au pole.

Mwambie mdogo wangu apunguze mikutano. Huku juu nasikia mambo yanasemwa kuhusu kamati yenu ya mgomo, na hayasemwi kwa kicheko.

Dada yenu


Tanurini, 30 Aprili

Wifi,

Wamemchukua.

Walikuja na magari mawili wakati tunagawa mkate shuleni. Walichukua kamati nzima. Mwalimu wa hesabu walimtoa na mwiko mkononi. Mume wangu aliniambia, "Zima tanuri, usije ukaunguza," kama vile anakwenda dukani. Watu wa bondeni walisimama mlangoni wasipitishe gari, mpaka yeye mwenyewe akawaomba wapishe, maana palikuwa na watoto mbele.

Siku ileile redio ikatangaza kwamba wamekamatwa wakipanga kuchoma maghala ya chakula cha waathirika. Mume wangu, achome chakula! Radi ndiye aliyesoma, akalitaja hata jina la mume wangu. Nilingoja taarifa inayofuata nikajua wewe hutakubali, wewe utasema jambo. Hukuwepo. Kesho yake hukuwepo. Wiki nzima ni Radi, Radi, Radi. Kuna anayesema umepewa likizo, kuna anayesema umepelekwa nje kusoma.

Mimi siombi miujiza. Naomba kujua alipo. Na kama umeamua kukaa kando mpaka upepo upite, niambie usoni, nisiendelee kuishika redio kama mjinga.

Mke wa mdogo wako


Kituoni, 12 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeielewa. Mimi ni mzima. Nimepangiwa kazi nyingine hapahapa, ni kazi nzuri na ya utulivu, na koo langu linapata nafasi ya kupumzika. Sina malalamiko yoyote.

Kuhusu suala la mdogo wangu, nina imani kwamba vyombo husika vinafanya kazi yake. Tuwe watulivu na watii. Usihangaike kusafiri kuja huku.

Msalimie Mama.

Dada yenu


Tanurini, 27 Mei

Dada,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ulipo ndani yake. Hayo "vyombo husika" nayasikia bure redioni, sikuhitaji kuletewa kwa stempu.

Mama ameniomba nimsomee. Nimemsomea salamu tu.

Sitakusumbua tena.


Kituoni, 20 Juni
Kwa mkono wa dereva

Wifi, mke wa mdogo wangu, usiichane kabla hujaimaliza.

Anayekupa barua hii ni dereva wetu, anawapeleka mafundi kutengeneza mnara wa huko kwenu. Mwamini. Mpe na chai, maana amejitolea kichwa chake.

Barua zako zote zinanifikia zimeshafunguliwa na kugandishwa upya. Hata kuficha hawajui. Ile ya Aprili niliikuta ina karatasi mbili, na ya pili haikuwa yako. Ilikuwa ya bwana mmoja anayemwomba radhi shemeji yake kuhusu baiskeli. Mpaka leo najiuliza kama shemeji alipata radhi yake au alipata malalamiko yako. Ndiyo maana nilikuandikia kama karani. Nilijua utaumia, nikaona heri uumie kuliko wao wajue ninachokijua.

Sasa sikiliza. Siku waliyomkamata, Leso alinipa karatasi za taarifa ya mchana. Ya nne ilikuwa ya maghala. Jina la mdogo wangu lilikuwa la pili. Nilisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaigeuza uso chini, nikasema, "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari." Ilibaki nafasi kubwa kabla ya kipindi kinachofuata. Fundi mitambo alinitazama kupitia kioo, macho yamemtoka, akaweka muziki wa bendi ya jeshi. Radi akaja kuisoma baada ya saa moja. Simlaumu sana, ana watoto watano na woga wa baba wa watoto watano.

Walinihoji. Hawakunipiga. Walinitoa kwenye kipaza sauti, wakanishusha chini kwenye ghala la kanda. Kazi yangu ni kufuta kanda za zamani ili zitumike upya. Nafuta hotuba za mawaziri kuanzia asubuhi hadi jioni, wifi. Kuna watu wangelipa kuipata kazi hii.

Jambo kubwa nimeliweka mwisho ili usiache kusoma: nimemwona. Yuko gereza la huku, nje kidogo ya mji. Kuna mkuu wa zamu ambaye mke wake ni msikilizaji wangu, ananiruhusu Jumapili, kimyakimya, askari akiwa amekaa katikati yetu. Amekonda. Jino moja hana, na nilipomuuliza akasema lilikuwa linatikisika tangu zamani. Lakini ameanzisha darasa! Anawafundisha wafungwa kusoma, wanaandika sakafuni kwa makaa. Askari mmoja anasimama mlangoni kila somo akijidai analinda, na midomo yake inafuatisha silabi.

Aliniuliza kama umezima tanuri siku ile. Nikamwambia sijui. Mjibu kwa mkono wa dereva.

Dada yako, kama bado unanitaka


Tanurini, 24 Juni

Wifi!

Dereva ananiharakisha, ananyanyua ufunguo kila nikiweka nukta. Amekunywa chai vikombe vitatu kwa hiyo anyamaze.

Mwambie sikuzima. Iliungua trei nzima, na nikamkasirikia yeye kwa hilo wiki mbili, maana lilikuwa rahisi kulikasirikia kuliko lile lingine.

Nakutumia mikate minne. Miwili yake, mmoja wako, mmoja wa huyo mkuu wa zamu na mkewe. Unga mzuri umefika, umevushwa kwa boti. Mama nimemsomea barua yako yote, hata jino. Akasema, "Kumbe ndiyo maana siku ile habari zilikuwa fupi." Alikuwa ameona. Mimi nilikuwa nalia, sikuona kitu.

Maneno niliyokuandikia Mei, mpe yule shemeji wa baiskeli.

Wifi yako, na nani asikutake?


Kituoni, 25 Agosti

Wifi,

Najua mmesikia, lakini hamjui ilivyokuwa.

Kwa wiki nyingi Radi alikuwa anasoma kwamba Rais yuko mapumzikoni na afya yake ni njema. Afya njema asubuhi, afya njema mchana, mpaka watu mitaani wakawa wanasalimiana hivyo: "Habari za leo?" "Njema kama ya Rais." Mimi niko chini na kanda zangu, naona tu magari meusi yanaingia na kutoka. Siku ya Jumanne ikaja amri vipindi vyote visimame na upigwe muziki wa taratibu. Hapo nikajua.

Karatasi walimpa Radi. Alikaa mbele ya kipaza sauti, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Alinieleza baadaye: "Dada, nimesema mara nyingi kwamba ni mzima. Nilihisi nikisema amekufa, hakuna atakayeniamini, hata mimi mwenyewe." Leso akashuka ngazi mpaka ghalani. Hajawahi kufika kule. Alisimama katikati ya kanda akasema, "Njoo usome."

Nikamwambia, "Nasoma lililo kweli tu. Nani amethibitisha?"

Nilidhani atageuka aondoke. Akatoa mfukoni cheti cha daktari. "Niliwaambia hutakuja bila hiki," akasema.

Basi ni mimi niliyeiambia nchi. Nilipotoka, wafagiaji, mafundi, wote walikuwa wamesimama ukumbini. Kuna waliolia, kuna waliotazama chini ili wasionekane hawalii. Kesho yake Makamu akaapishwa, na jana nimesoma kwa mdomo wangu kwamba wafungwa wa mgomo wataachiwa, na kwamba uchaguzi wa Novemba utakuwa wa vyama vingi. Nilisoma mstari ule nikaurudia, nikijidai ni kwa ajili ya wasikilizaji waliochelewa.

Ila kuna jambo linanikosesha raha. Jumapili nilipokwenda gerezani niliambiwa amehamishwa. Wapi, hakuna anayejua, na yule mkuu wa zamu naye hayupo. Orodha ya watakaoachiwa inatoka mwezi ujao. Tutaisoma sisi.

Dada yenu


Tanurini, 26 Septemba

Wifi,

Ngoja nikuhadithie kwa mpangilio, nisije nikaruka.

Siku ya orodha, chumba kilijaa. Jirani yangu fundi baiskeli alileta betri mpya kwa ajili ya redio, wake za walimu wote walikuwepo, Mama tulimweka karibu na spika. Ukaanza kusoma. Kila jina la wa kwetu likitajwa, kelele. La mwalimu wa hesabu lilipotajwa, mkewe aliangukia juu ya magunia, tukamwacha hapohapo na unga wake. Ukaendelea. Ukafika la mwisho. Halafu ukanyamaza.

Fundi baiskeli akaigonga redio, akidhani betri imezingua. Mama akasema, "Iacheni. Anameza mate."

Kisha ukasema, "Na huo ndio mwisho wa orodha," kwa sauti ileile ya kila siku. Wenzangu waliacha kushangilia wakanitazama, na huruma ile wifi, heri ningepigwa. Nikasema, "Mikate ya jioni haijaumuka, nipisheni." Nikakanda unga mpaka ukanishinda nguvu.

Siku zikapita. Watu wakarudi mmojammoja, mwalimu wa hesabu akaja na ndevu. Hakuna aliyemwona mume wangu tangu Agosti. Nikaacha kuuliza, maana nikiuliza wananiangalia viatu.

Jumatano hii nilikuwa nimeinama, nusu yangu iko ndani ya tanuri, navuta trei. Mtu nyuma yangu akasema, "Samahani mama, mkate wa jana upo?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Wa jana umekwisha, leo kuna wa leo."

Akasema, "Basi nitangoja mpaka kesho, wa leo uwe wa jana."

Wifi, trei ilikwenda chini yote. Ni upuuzi wake uleule! Alikuwa amepelekwa gereza la mbali mpakani, na huko mkuu wa gereza alipata amri ya kuwaachia kabla ya kuletewa orodha, akawafungulia mlango tu akawaambia nendeni, majina yao hata hayakutumwa mjini. Hakuwa na nauli wala viatu vya maana. Amekuja kwa malori, kwa miguu, na kivuko. Nilimpiga kwa mikono miwili yenye unga, nikamkumbatia, nikampiga tena. Mama akatokea mlangoni na fimbo yake akauliza, "Nani huyo anapigwa?" Akamtazama. Akasema, "Mmalizie. Kisha umlete ale."

Amelala tangu jana. Namsikia akikoroma ninavyokuandikia, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo redioni.

Wifi yako


Shuleni, 24 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Leo nakuandikia mwenyewe. Mke wangu anasema ninaandika kama ripoti ya mkaguzi, nitajitahidi.

Shule imefunguliwa. Mwalimu mkuu amerudishwa kazini. Madawati yamekuja, si yote, lakini watoto wa madarasa ya chini hawakai tena sakafuni. Yaliyobaki tutaendelea kuyadai, na safari hii tuna ofisi isiyo na kufuli.

Uchaguzi ulifanyika kwenye madarasa yetu, nami nilikuwa karani wa kituo. Watu walipanga mstari kabla jua halijachomoza, wengine wamevaa nguo za harusi. Mama alipoingia kwenye kibanda cha kura alikaa mpaka msimamizi akakohoa. Mama akasema kutoka ndani, "Usinikimbize kijana. Swali hili sijawahi kuulizwa." Mstari mzima ulicheka, kisha ukanyamaza. Kura tulizihesabu kwa sauti, mawakala wa vyama vyote wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Wakala wa chama tawala, kilichoshindwa kwetu, alitia saini, akatushika mikono. Nilisikia uliposoma kwamba kimeshindwa pia kitaifa, na kwamba yule aliyekuwa Makamu amempigia simu mshindi kumpongeza. Nilitoka nje nikasikiliza. Nilitegemea risasi. Nilisikia mtu anapiga nyundo kwenye bati, anatengeneza paa lake.

Dada, kuna jambo ambalo zile Jumapili sikuweza kulisema, askari akiwa katikati yetu. Siku tuliyokamatwa tulikuwa tumejazwa mahabusu ya polisi, hatujui tunashtakiwa nini. Askari wa zamu alikuwa na redio mezani. Ukasoma habari tatu, ukasema ndiyo mwisho, ikaingia bendi. Askari akatazama saa yake akasema, "Leo fupi." Wenzangu hawakuelewa. Mimi nilielewa kwamba iliyobaki ilikuwa yetu, na kwamba umeikataa. Nilijua pia itakugharimu. Baada ya saa moja Radi alipoisoma, haikuniuma kama ilivyokusudiwa. Nilikaa gerezani miezi yote ile nikiwa na kimya chako kama blanketi.

Nilitaka ujue. Njoo nyumbani ukipata likizo.

Mdogo wako

(Mimi hapa, wifi. Nimeisoma, nimeilia, nimeirudisha kwenye bahasha. Isipokuwa hajakuambia kwamba amenenepa. Wifi yako.)


Kituoni, 30 Desemba

Wapenzi wangu wote, Mama, mdogo wangu, na wewe wifi,

Ile barua ya mdogo wangu sitaijibu kwa maandishi. Nitaijibu nikija, mwezi wa pili, nimeshaomba likizo na nimekubaliwa. Mama, nitakuamkia mlangoni, si kwa spika.

Wiki iliyopita watu wa serikali mpya walinialika ofisini, zulia hadi kwenye vifundo vya miguu. Wakasema wanataka sauti yangu iwe ya msemaji wao. Waliniita shujaa. Nikawashukuru, nikawaambia nina zamu saa tisa. Radi aliposikia akasema mimi ni kichaa. Siku hizi anaongeza "inadaiwa" kila mahali, mpaka hali ya hewa: inadaiwa kutakuwa na mvua.

Lakini nilitaka kuwaeleza ya jana. Daktari wa zahanati moja ya pembezoni mwa mji alitupigia kwamba ana wagonjwa wa kipindupindu, na maji ya bomba la mtaa ule si salama. Tukatuma mtu, akaona, akarudi. Wakati naiandika, ikaja karatasi kutoka kwa waziri mpya. Bila mhuri safari hii, kwa lugha ya upole, ikituomba tusubiri mpaka baada ya sherehe za mwaka mpya, tusiwatie watu hofu. Waziri ambaye mwaka jana alikuwa mfungwa.

Nilihisi ngazi za kwenda ghalani zinaniita. Niliiweka karatasi ile kando, nikaingia studio, nikasoma habari ya kipindupindu ikiwa ya kwanza. Nilipotoka, nilichukua mkoba wangu kabisa nikaushika mkononi, nisisumbuliwe kuurudia.

Simu ya chumba cha habari ikalia. Leso akaipokea akiwa amesimama.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema. "Ndiyo, tuliipata barua yako."

Akasikiliza. Jasho linamtoka, na wote tumeacha kupiga taipureta.

"Hapana, Mheshimiwa, hakukosea. Mimi ndiye niliyeipitisha. Daktari nimezungumza naye mwenyewe."

Akasikiliza tena, kwa muda mrefu.

"Naelewa. Lakini watu wa mtaa ule wanakunywa yale maji hivi sasa tunavyozungumza. Saa kumi tutairudia, na tutaongeza jinsi ya kuyatibu maji. Ukipenda kuja kuzungumza nao mwenyewe, studio iko wazi."

Akaweka simu. Akatafuta cha kujifutia, mfukoni, mezani, hakukiona, akajifuta kwa mkono wa shati. Kisha akanitazama mimi na mkoba wangu.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Una habari ya saa kumi."

Saa kumi nikaisoma tena. Maji yachemshwe, mikono ioshwe, mgonjwa apelekwe zahanati bila kungoja. Safari hii nilisoma polepole, ili watu wapate kuandika.

Dada yenu